Umemrudishia mteja pesa? Usizilipie ushuru kama mauzo

Ukishuka matatu ya 111 pale Embulbul, kabla hujafika Ngong mjini, hutaliona duka la dada tunayetaka kukueleza habari zake. Duka lake liko kwa simu. Picha za viatu ziko WhatsApp na Instagram, viatu vyenyewe viko chini ya kitanda na juu ya kabati, na mteja anaweza kuwa Kitengela, Rongai, Kiserian ama hata Eldoret. Malipo yanaingia kwa till. Mteja wa karibu analetewa na boda, wa mbali anatumiwa kwa gari.

Na kama mtu yeyote anayeuza viatu bila mteja kuvijaribu kwanza, ana wale wanaorudisha. Moja inabana. Nyingine rangi si ile ya kwenye picha. Mwingine alilipa saa nne usiku, asubuhi akabadili nia. Huyu dada hapendi vita, kwa hivyo anarudisha pesa, na wateja wake wanamwamini kwa sababu hiyo.

Swali lake kwetu lilikuwa fupi: "Kila mwezi nachukua jumla ya stetimenti ya till, napiga asilimia tatu, nalipa KRA. Sasa hizo pesa nilirudishia watu, nazo pia nimezilipia ushuru?"

Ndiyo, umezilipia. Na hukupaswa.

Hapa tukiri kitu. Sisi wenyewe tumekuwa tukiwaambia wafanyabiashara, "pakua stetimenti, itakusaidia kufaili." Inasaidia kweli. Tulichokuwa hatukisemi vizuri ni kwamba stetimenti inaonyesha pesa zilizopita kwa till. Haijui ni zipi ni mauzo, ni zipi ni za chama, na ni zipi zilikaa siku mbili zikarudi kwa mwenyewe. Hiyo kazi ni yako, na si ngumu ukiifanya kila wiki. Ukiingoja mwezi mzima, utakuwa unajaribu kukumbuka namba ya simu ya mtu aliyenunua raba nyeupe tarehe 3.

Kwanza jua uko kwa ushuru gani

Wauzaji wengi wadogo wa mtandaoni huangukia ushuru wa mauzo, ule unaojulikana kama TOT. Unahusu biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka yamezidi shilingi milioni 1 lakini hayajapita milioni 25. Tangu Julai 2023 kiwango ni asilimia 3 ya mauzo. Unafaili ritani na kulipa kila mwezi kupitia iTax, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Ukichelewa kufaili, faini ni shilingi 1,000 kwa kila mwezi. Ukichelewa kulipa, unaongezewa asilimia 5 ya ushuru wenyewe na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Jambo la kushika kuhusu TOT ni kwamba inatozwa kwa mapato ghafi. Hupunguzi bei uliyonunulia viatu Gikomba, hupunguzi bando, wala ada za kutoa pesa, wala kodi ya nyumba. (Ndiyo maana katika makala hii tunasema ushuru, tusije tukachanganya na kodi ya landilodi.) Neno hilo "ghafi" ndilo linalowafanya wengi waogope kupunguza chochote kabisa, hata pesa zilizorudi.

Lakini gharama na marejesho ni vitu viwili tofauti. Gharama ni pesa uliyotumia ili kuuza. Marejesho ni mauzo yaliyovunjika: kiatu kimerudi kwako, pesa zimerudi kwa mteja, hakuna aliyenunua. Huwezi kusema umeuza kitu ambacho bado kiko chini ya kitanda chako.

Kama mauzo yako ya mwaka hayafiki milioni 1, TOT haikuhusu, lakini hujaepuka ritani ya mwaka, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Hapo unahesabiwa kwa faida, yaani mauzo halisi ukitoa gharama. Bendi ya kwanza ya asilimia 10 inafika 288,000 kwa mwaka, na nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka inaufuta ushuru wote wa bendi hiyo. Kwa muuzaji mdogo kama huyo, marejesho yasiyoandikwa yanaweza kumtoa kwa "sidaiwi kitu" na kumwingiza kwa "unadaiwa", na hata kumfanya aonekane amevuka milioni 1 kumbe hajavuka.

Machi ya dada wa Embulbul

Tuliketi naye na simu mbili, daftari, na chai. Hizi ni namba za mwezi mmoja, tumezisawazisha kidogo ili zisomeke.

Jumla iliyoingia kwa till: 214,600. Akipiga asilimia 3 kama alivyozoea, ni 6,438.

Tukaanza kuchambua mstari kwa mstari. Kulikuwa na 15,000 za chama. Dada yake alizituma kwa till kwa sababu laini yake nyingine ilikuwa haipatikani siku hiyo. Hizo si mauzo hata kidogo. Kulikuwa na mteja aliyelipa 2,500 mara mbili, dakika tatu zikipishana, mtandao ukiwa unasumbua. Malipo ya pili yalirudishwa jioni hiyo hiyo. Hayo nayo si mauzo, na kusema kweli si marejesho pia, kwa kuwa hayakuwa na kiatu nyuma yake. Yanaandikwa tu "malipo ya pili, yamerudi".

Tukitoa hizo, mauzo yanabaki 197,100. Sasa tukafika kwa marejesho yenyewe.

La kwanza, buti za mteja wa Rongai. Alilipa 3,500, na ndani yake kuna 300 za boda. Buti hazikutosha, akazirudisha. Dada akamrudishia 3,200 na kubaki na zile 300, kama walivyokubaliana. Wengi wanaandika hapa marejesho ya 3,500 kwa sababu "ile oda ilikufa yote". Hapana. Kilichorudi ni 3,200. Zile 300 ziliingia kwako na zimebaki kwako, kwa hivyo ni mapato hata kama ulimpa mwenye boda zote.

La pili, mteja wa Kitengela aliagiza jozi mbili kwa 6,800. Jozi moja ilikuwa imeisha na picha haikuwa imetolewa. Akarudishiwa 3,400. Nusu ya oda ni mauzo, nusu si mauzo.

La tatu ndilo lililotuchukua muda mrefu. Mteja wa hapo karibu alilipa 2,900 kwa till, akaja mwenyewe kuvirudisha viatu, na dada akamtumia pesa kutoka kwa laini yake ya kawaida, si till. "Till ilikuwa tupu, nilikuwa nimetoa zote asubuhi." Tatizo unaliona? Stetimenti ya till inaonyesha 2,900 zimeingia na hazijawahi kutoka. Laini yake ya kibinafsi inaonyesha 2,900 zimetumwa kwa mtu, kama vile anavyotumia mama mboga ama fundi. Hakuna kinachounganisha hizo mbili isipokuwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu haiambatishwi kwa barua ya KRA. Kwa bahati nzuri mazungumzo ya WhatsApp yalikuwepo, na picha ya viatu vikirudi, na jina la mteja ni lile lile pande zote mbili. Tulizipiga skrinshoti zote tukaziweka pamoja.

La nne halikuwa marejesho ingawa yeye alilihesabu. Mteja alirudisha namba 39 akapewa namba 41 ya bei ile ile, 4,200. Pesa hazikusonga. Mauzo ni yale yale 4,200, hakuna cha kupunguza. Kama namba 41 ingekuwa 4,500 na mteja akaongeza 300, basi mauzo yangepanda kwa 300 tu.

Kwa hivyo marejesho ya Machi ni 3,200 na 3,400 na 2,900, jumla 9,500. Mauzo halisi: 187,600. Asilimia 3 ni 5,628.

Tofauti na hesabu yake ya zamani ni shilingi 810. Aliguna. "Ni jozi moja ya watoto hiyo, tena ya bei ya chini." Miezi kumi na miwili ya namna hiyo ni 9,720, na yeye ameuza viatu kwa zaidi ya miaka miwili.

Risiti ya eTIMS haifutiki, inapunguzwa

Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, mfanyabiashara anatakiwa kutoa ankara ya kielektroniki kupitia eTIMS. Kwa biashara ndogo kuna eTIMS Lite, inayopatikana kwa eCitizen au kwa kupiga *222# hata kwa kabambe. Ankara ikishatumwa, KRA wanayo. Huwezi kuifuta kwa sababu mteja amebadili nia, na usijaribu kuitatua kwa kutomtolea mteja wa baadaye ankara ili "zilingane". Tumesikia mbinu hiyo ikisifiwa kwa magrupu ya WhatsApp. Achana nayo.

Njia halali ni krediti noti: hati inayotaja ankara ya kwanza na kusema kiasi fulani chake kimeondolewa. Buti za Rongai zilikuwa na ankara ya 3,500. Krediti noti yake inakuwa ya 3,200, na sababu ni bidhaa kurudishwa. Kwa ile oda ya Kitengela, krediti noti ni ya 3,400 dhidi ya ankara ya 6,800. Ankara yote haiondoki.

Hii ina uzito zaidi sasa. KRA walitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 mapato na gharama zilizo kwenye ritani za mwaka zinalinganishwa na data ya eTIMS. Ukifaili mauzo ya 187,600 huku ankara zako zikisema 197,100 na hakuna krediti noti hata moja, unaonekana umeficha 9,500. Hukuficha kitu, ulikuwa mwungwana tu na wateja wako. Lakini kompyuta haijui uungwana.

Tulipomwambia hivyo aliuliza kama basi si afadhali aache tu kurudisha pesa. Hapana, dada. Rudisha, halafu andika.

Usipunguze mara mbili

Kuna kosa la upande wa pili, na hili ndilo linaloweza kukutia taabani kwa sababu unalipa kidogo kuliko inavyostahili.

Mteja akitulia kwetu kwamba alilipa till kimakosa, nasi tukikuuliza nawe ukakubali, muamala unageuzwa na pesa zinatoka kwa till yako. Kwenye stetimenti hiyo inaonekana kama mstari wake wenyewe. Sasa wengine wanachukua jumla ya salio lililobaki mwisho wa mwezi, ambalo tayari limepungua kwa sababu ya huo muamala uliogeuzwa, halafu wanapunguza tena kutoka kwa daftari. Pesa moja, imepunguzwa mara mbili.

Dawa ni kuanzia kwa safu ya pesa zilizoingia peke yake, usianzie kwa salio. Halafu kila kinachotoka kwa mteja kinahesabiwa mara moja, kiwe kimetoka kwa muamala kugeuzwa, kwa till, kwa laini yako, au mkononi. Namba ya muamala ndiyo rafiki yako hapa: kila marejesho yawe na namba mbili kando yake, ile ya malipo ya kwanza na ile ya kurudisha. Ukiona namba ya malipo ya kwanza imetokea mara mbili kwenye daftari, umeshajikamata.

Na kabla hujakubali pesa kugeuzwa, hakikisha bidhaa haijaenda. Kuna watu wanapokea viatu halafu wanadai walituma kimakosa. Ukikubali na viatu havirudi, hiyo si marejesho, hiyo ni hasara, na kwa TOT hasara haipunguzwi.

Wanaouza kupitia masoko ya mtandaoni kama Jumia wana toleo lao la tatizo hili. Kinachoingia kwako kimeshakatwa kamisheni, na pengine bidhaa zilizorudi zimeshatolewa. Fungua ile taarifa ya malipo yao usome ndani. Mauzo yako kwa TOT ni bei aliyolipa mteja, kabla ya kamisheni, ukitoa tu zile bidhaa zilizorudi.

Marejesho yakivuka mwezi

Mteja mmoja alinunua tarehe 29 Machi kwa 5,600, akarudisha tarehe 6 Aprili. Dada alikuwa bado hajafaili Machi, akataka kuiondoa Machi. Tulimshauri aiache. Ankara ni ya Machi, krediti noti ni ya Aprili, kwa hivyo Machi inaonyesha mauzo na Aprili inaonyesha punguzo. Hivyo ndivyo sheria ya VAT ilivyo kwa walio huko, na kwa TOT ni utaratibu unaofanya ritani zako zisomeke sawa na ankara zako. Kubwa ni usibadilishe mtindo kila mwezi kutegemea ni upi unaokupa ushuru mdogo. Kama kiasi ni kikubwa, tuseme oda ya jumla ya laki moja iliyorudi yote, zungumza na KRA kwanza kabla ya kufaili.

Na ile miaka miwili aliyolipia pesa zilizorudi? Ritani uliyoifaili inaweza kurekebishwa ndani ya miaka 5 kwa kuomba kwa iTax, na ushuru uliozidi unaweza kuomba urejeshwe au uhesabiwe kwa deni lako la mbele. Lakini utaombwa ushahidi, mwezi kwa mwezi. Yeye alipekua WhatsApp akapata wa miezi saba hivi. Mingine ilipotea na simu ya zamani. Aliamua kuomba kwa ile saba na kuiacha mingine. Tunaona aliamua vizuri. Kurekebisha kwa kukisia ni kujitafutia maswali.

Walio kwa VAT, yaani mauzo ya bidhaa zinazotozwa VAT yamefika milioni 5 kwa mwaka, wana saa inayopiga: krediti noti inatakiwa kutolewa ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya ankara. Ukimrudishia mteja pesa mwezi wa nane, ile asilimia 16 umeshaiaga.

Daftari lenyewe

Sheria inakutaka uweke rekodi kwa miaka 5, na inaruhusu ziwe kwa lugha yoyote rasmi ya nchi. Kwa hivyo daftari la Kiswahili linakubalika kabisa, usione haya. La dada wa Embulbul sasa lina safu sita: tarehe ya malipo, namba ya muamala, kiasi, tarehe ya kurudisha, namba ya muamala wa kurudisha, na sababu kwa maneno machache. "Inabana." "Rangi." "Alighairi." Safu ya saba aliiongeza mwenyewe, namba ya krediti noti. Kila Jumapili jioni anakaa nalo robo saa.

Pia aliacha kutoa pesa zote za till asubuhi. Anabakisha 5,000 humo kwa ajili ya wanaorudisha, ili marejesho yatoke pale pale malipo yalipoingia. Hilo peke yake limemwondolea zaidi ya nusu ya kazi ya kutafuta skrinshoti.

Akishafaili, iTax inampa namba ya malipo, PRN, na analipa kwa paybill 222222 akiweka hiyo PRN kama akaunti. Kwa ule mwezi wa Machi alilipa 5,628 tarehe 17 Aprili, siku tatu kabla ya mwisho. Halafu akatutumia ujumbe: kuna mteja wa Ngong aliyevaa viatu kwenye harusi Jumamosi na sasa anataka kuvirudisha Jumatatu, je, hiyo inaandikwaje? Tulimjibu kwamba hilo halimo kwenye daftari, hilo ni lake na mteja. Akimrudishia, aandike kiasi na namba ya muamala. Asipomrudishia, ni mauzo.